Nimebadilisha cherehani kwa gramafoni

Alhamisi jioni, mtaa wa Juba Na Bari, mjini Juba. Mvua ilianza alfajiri ikakatika saa nne, na matope ya hapa hayana adabu, yanakuvua kiatu mbele za watu. Mtandao unakuja na kuondoka. Naandika kwenye simu, ukirudi nitaweka.

Sijui nianzie wapi. Labda nianze kwa kusema kwamba tangu leo mchana sina cherehani.

Haya, nimesema.

Mimi ni fundi wa cherehani, tena si wa kushona tu. Nashona, ndiyo, lakini riziki yangu zaidi imetoka kwa kutengeneza cherehani za wenzangu. Kazi nilijifunza Nakuru, nilikolelewa na shangazi yangu, mwenyeji wa huko aliyeolewa katika ukoo wetu, wakati wa vita vile virefu. Mwaka bendera yetu ya Sudan Kusini ilipopandishwa nilirudi Juba na begi moja, mtoto mgongoni, na cherehani yangu nyeusi ya mkono nimeipakata safari nzima kwa sababu sikumwamini kondakta. Miaka mitano imenilisha. Imemlisha binti yangu Poni, imemlisha baba yangu, hata mabati ya nyumba hii imeyanunua yenyewe. Na leo nimeitoa kwa mkono wangu mwenyewe, nikapewa gramafoni ya kuzungusha.

Cheka tu. Hata mimi nilicheka kidogo nikiwa juu ya boda, halafu nikaona aibu.

Wacha nieleze, maana nisipoeleza nitalia, na nikilia sitamaliza kufungasha.

Poni hayuko hapa. Yuko Uganda, wiki ya tatu sasa. Risasi zilipoanza tena mjini, jirani yetu alikuwa anaondoka na watoto wake, nikampitishia wangu dirishani mwa basi na pakiti ya biskuti. Nikamwambia mimi na babu tunakuja nyuma yake. Napiga simu kila siku, siku nyingine inaingia, na anauliza swali moja tu: mmefika wapi? Hajawahi kuuliza kama tunakuja. Anauliza tumefika wapi.

Viti viwili nimevipata kwa shida, basi la Jumamosi la kwenda Nimule, mpakani na Uganda, kwenye msafara unaosindikizwa na wanajeshi. Hakuna anayejua msafara mwingine utakuwa lini, au kama utakuwapo. Kiti kimoja changu, kingine cha Baba.

Baba hataki.

Tena hana kelele. Angekuwa na kelele tungegombana yakaisha. Yeye ananisikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa polepole, halafu anauliza kama chai ipo. Mama amezikwa hapa hapa ndani ya hosh, kwenye ua wetu, hatua kumi kutoka mlangoni, kama watu wa huku wanavyozika wapendwa wao nyumbani. Alikufa nikiwa na miaka mitatu. Uso wake siukumbuki. Sauti yake siikumbuki. Nakumbuka harufu ya simsim ikikaangwa, na hiyo nayo huenda nimesimuliwa. Vita vilipokuja sisi watoto tulipelekwa Kenya, Baba akabaki na kaburi. Wenye bunduki walikuja wakachukua baiskeli yake, wakachukua gramafoni aliyokuwa nayo tangu ujana, mwisho wakang'oa hata milango. Akabaki.

Lakini sasa anakaribia miaka themanini, mkono wake wa kulia unatetemeka, na mtaa umebaki mbwa na walinzi. Kisima anachoteka maji kiko mbali. Nani atamwangalia? Nimemuuliza hivyo mara ngapi sijui.

Jumatatu nilifika mwisho wangu. Nilimpigia magoti, kwenye matope, gauni langu la kijani likaharibika. Nikamwambia habari za Poni, nikamwambia sina mbele wala nyuma, nikamwambia nikimwacha nitakuwa mtu wa namna gani. Halafu akaingia ndani akafungua sanduku lake la bati, akatoka na santuri iliyofungwa kwa kitambaa.

Nilijua ipo ila sikuwahi kuishika. Ni nyeusi, nzito, imepasuka kidogo pembeni. Iliimbwa na kwaya ya wanafunzi wa ualimu waliopelekwa Kampala kurekodi enzi za Waingereza, na Mama alikuwa mmoja wao, msichana wa miaka kumi na saba. Hakuna sauti yake nyingine iliyobaki mahali popote. Baba aliiweka mikononi mwangu, akasema kwa Kiarabu chetu cha Juba kwamba anataka kumsikia.

Sasa hapo ndipo nilipojiamulia mambo. Shangazi alinilea na desturi moja, anasema ni ya kwao tangu zamani: mzee akitoa kitu sandukuni mwake akakiweka mikononi mwako, maneno yameisha. Amekubali ulichomwomba. Humuulizi tena, ukimuuliza umemtukana. Kwa hiyo sikuuliza. Nilipokea kwa mikono miwili, nikainama, nikaenda jikoni nikacheza peke yangu kama mwendawazimu. Baba amekubali! Tafuta gramafoni, asikie sauti ya mkewe, Jumamosi tupande basi.

Haikunijia hata kidogo kwamba Baba hakulelewa na shangazi.

Umeme wa mji sina haja ya kuusimulia. Jenereta za majirani zimeondoka na majirani. Na hata ungekuwepo umeme, santuri ya aina hii haitaki mashine za kisasa, inataka gramafoni ya zamani yenye springi ndani, ile unayoijaza kwa mkono kama saa ya mezani. Mjini nilijua moja tu. Ilikuwa kwa Okello, Mwacholi wa Gulu anayetengeneza redio kwenye kibanda karibu na Atlabara. Miaka yote niliyompitia ilikuwa hapo kwenye kona, sanduku la ngozi nyeusi, na juu yake amepanga chaja za simu. Aliinunua kwenye nyumba ya mfanyabiashara Mgiriki wa zamani, pamoja na viti na sufuria.

Jumanne nilimkuta anafunga vitu kwenye magunia. Naye anaondoka, Jumapili, anasubiri lori la Mganda mwenzake. Nikamwambia nataka gramafoni. Aliniangalia kama nimemwomba twiga. Nikataja pesa, akakataa kabla sijamaliza.

"Dada, pesa ya hapa mimi nitafanyia nini kule nyumbani? Wewe iko na cherehani. Bibi yangu anajua kushona. Nipe hiyo, chukua hii."

Nikaondoka. Nilitembea mpaka mtaa wa Hai Malakal bila sababu, nikarudi. Usinifikirie vibaya, nilipiga hesabu zangu zote. Kule tunakokwenda tutakuwa wakimbizi, na mkimbizi mwenye cherehani si sawa na mkimbizi wa mikono mitupu. Ile cherehani ndiyo ilikuwa shamba langu, na duka langu, na ada ya Poni. Lakini cherehani haiwezi kumpandisha Baba kwenye basi. Gramafoni inaweza. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na wakati ule ilionekana ni akili.

Jumatano mtandao ulikaa nusu saa nikasoma kila nilichoweza kuhusu mota za gramafoni. Leo asubuhi mvua ilipokatika nikaifunga cherehani kwa kanga, nikachukua bisibisi zangu na kopo la mafuta, nikaenda kwa Okello. Nikamwambia kabla ya kutoa chochote nitakagua mota, hata nikikaa hapo siku nzima. Akasema kagua. Akanisogezea kiti.

Nieleze hii vizuri kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya siku nilipokuwa mtu mwenye akili zake.

Nilianza na masikio, kama tunavyofanya kwenye cherehani. Nikaingiza mpini kwenye tundu lake la pembeni nikaanza kuzungusha, taratibu, nikihesabu. Springi iliyokatika haina ubishi: mpini unazunguka tu, hauna uzito, kama kupiga kelele kwenye nyumba tupu. Hii ilikuwa na uzito. Mzunguko wa tano ukaanza kubana, wa kumi ukabana zaidi. Wa kumi na nane ndani kukasikika kitu kama ngumi, gub, na mpini ukanirudi kidogo mkononi. Roho ikanitoka. Okello naye aliacha kufunga gunia lake akanitazama.

Nikasubiri, nikazungusha tena, ikaendelea kujaa. Haikukatika. Ni grisi. Springi imekunjwa ndani ya kopo lake kama utepe wa kupimia, na grisi ikikaa miaka mingi inakuwa gundi, mikunjo inashikana halafu inaachana kwa ghafla. Hilo kopo huligusi, nilisoma hivyo na niliamini, maana springi ikiruka inaweza kukuondoa vidole. Ningekuwa na wiki moja na mtu wa kunishikia ningeifungua, ningeiosha kwa mafuta ya taa na kuipaka grisi mpya. Nina siku mbili.

Nikaachia breki. Sahani ya chuma ikaanza kuzunguka, na mota ikapiga mluzi wa kukera, wii, wii. Nikaisimamisha, nikaacha springi iishe nguvu yote, nikafungua skrubu nne za ubao nikaunyanyua. Jameni, uzuri wa kile kitu ndani. Vumbi tele na buibui mmoja aliyekauka, lakini meno yote ya magurudumu yapo, hakuna lililovunjika. Gavana iko sawa: vile vizito vitatu vidogo vya madini ya risasi vinavyozunguka na kutanuka ili mota isikimbie ovyo, kila kimoja kimekaa kwenye kibati chake chembamba. Nilivigusa kimoja kimoja kwa ncha ya bisibisi. Mluzi ulikuwa unatoka kwenye kipande cha manyoya kinachoisugua gavana, kilikuwa kikavu kabisa. Nikakidondoshea mafuta yangu ya cherehani, matone mawili, na matone mengine kwenye ekseli. Nikarudisha ubao, nikajaza springi tena.

Kimya. Ilizunguka huwezi kusikia kitu.

Santuri hizi zinataka mizunguko sabini na nane kwa dakika, si sabini wala tisini. Nikabana kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, Okello akashika simu yenye saa, mimi nikahesabu karatasi ikipita. Mara ya kwanza themanini na nne. Nikarudisha kitufe cha mwendo nyuma kidogo. Mara ya pili sabini na tisa. Mara ya tatu tukapata sabini na nane, na Okello akapiga kofi moja kwenye goti, akasema hajui hii kitu ilikuwa inaweza kufanya kazi, yeye alikuwa anaona ni meza ya chaja.

Mtu mwingine angelipa akaenda. Lakini mimi ni fundi. Cherehani haijaribiwi bila kitambaa. Cherehani yoyote inakimbia vizuri ikiwa tupu, ipe jinzi uone. Na santuri ni mzigo, ule mkono wa sauti ni mzito, sindano inaburuta. Santuri yenyewe nilikuwa nimeiacha nyumbani kwa kuogopa boda. Basi nikachukua kanga iliyofunika cherehani, nikakunja pembe yake, nikaibonyeza kwa kidole kimoja ukingoni mwa sahani ikizunguka, uzito mdogo tu, nikamwambia Okello aanze saa.

Dakika ya kwanza nzuri. Dakika moja na nusu, nzuri. Kufika dakika mbili nikaona karatasi inachelewa. Halafu ikachelewa zaidi. Sekunde kumi mbele ikawa inajikokota, ikasimama.

Upande mmoja wa santuri ni dakika tatu.

Nikarudia. Nikarudia tena. Mara tatu ilikufa pale pale. Nilikaa nikaitazama. Springi imechoka, ilikaa miaka mingi imejazwa, mtu aliijaza akaiacha akaenda zake. Okello akasema kitu nitakachomkumbukia mpaka nife. Alisema, "Mimi siwezi danganya wewe. Hii imezeeka. Kama unaacha, mimi haitakasirika."

Ningeacha. Nilishasimama. Lakini nikakumbuka kitu nilichofanya maelfu ya mara bila kufikiri: cherehani ya mkono huijazi halafu ukaiacha, unaizungusha na huku inashona. Nikakaa. Nikaijaza, nikaiachia, nikabana kanga, na ilipofika dakika moja na nusu nikaanza kuzungusha mpini, nusu mzunguko, pumzika, nusu mzunguko, pumzika, polepole sahani isitikisike. Dakika mbili. Dakika tatu. Karatasi ilipita kwa mwendo ule ule. Dakika nne nikaacha kwa hiari yangu. Kwa hiyo inafanya kazi, ila inataka mtu. Lazima mtu akae hapo na mkono kwenye mpini toka mwanzo mpaka mwisho.

Nikafikiri, mtu si niko.

Sindano nzuri hakuwa nayo, zote zilikuwa na kutu, na sindano ya kutu inachimba santuri. Akaniambia babu yake alikuwa anatumia mwiba wa mgunga, unaukata mfupi, unauchonga ncha, mwiba hauumizi wimbo. Nikasema sawa. Nikamsogezea cherehani. Nilimwonyesha mahali inapobana uzi, mahali pa kutia mafuta, na kwamba gurudumu lake lina tabia ya kulegea ukiipeleka kasi. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilipofika kwenye duara la shaba la mbele, lililoliwa na kidole changu kwa miaka, nikasema basi, chukua. Aliifunga kwa blanketi lake zuri.

Kwenye kizuizi cha barabarani, kabla ya kona yetu, wanajeshi walitusimamisha. Mmoja akataka kujua sanduku lina nini. Nikasema gramafoni. Hakujua gramafoni ni nini. Akaniamuru nishuke, nilifungue mbali na wao, nikalifungua kwenye matope, nikaijaza kidogo nikaachia breki. Sahani ikazunguka. Walikuja karibu mmoja mmoja. Yule aliyenifokea akavua kofia yake akaiweka juu, ikazunguka, akaitazama, akacheka kitoto kabisa, hana hata ndevu. Halafu akaichukua kofia yake akaniambia niende, na asionekane tena mtu anazurura.

Nilifika nyumbani saa nane na nusu. Baba alikuwa ameoga. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la kanisani na viatu, amekaa chini ya rakuba, kile kivuli chetu cha nyasi, ametazamana na kaburi, santuri magotini. Nilipoona viatu nilisema moyoni, asante Mungu, huyu ameshavaa ya safari.

Nikakata miiba kwenye ua wa jirani, nikachonga mmoja kwa kisu. Nikaweka gramafoni juu ya kiti. Nikajaza, ikapiga gub yake, Baba akashtuka, nikamwambia ni ya kawaida. Nikaweka santuri. Nikashusha mkono wa sauti.

Mwanzo ni mchanga tu, shhh, shhh. Halafu watu arobaini wakatoka kwa pamoja, mbali, kama wako ng'ambo ya mto. Nilianza kuzungusha mpini mapema kwa kuogopa. Nilikuwa nasikiliza kwa nguvu zote, nikimtafuta. Nilidhani nitamjua. Nilidhani damu itaniambia, ule upuuzi watu wanaosema. Sauti za wasichana zilikuwa nyingi na sikumjua hata moja. Miaka yote hii, yuko hapo, simjui.

Karibu na mwisho kwaya inanyamaza, pumzi moja, halafu inaingia tena. Baba akainua kidole. Kwaya ikaingia. Na nyuma yao, amechelewa, peke yake, sauti moja nyembamba ikaanguka ndani kama mtu anayekimbilia mlango usifungwe.

"Huyo," Baba akasema.

Mama alikuwa amechelewa. Baba alishawahi kunisimulia kwamba walikosea mahali wakaambiwa hakuna muda wa kurudia, sikujua aliyekosea ni yeye. Kosa lake ndilo limemtenga na wale thelathini na tisa. Nilimsikia mama yangu kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya. Mkono ukajisahau, nikaacha kuzungusha, na kwaya yote ikaanza kuzama, nzito, nzito zaidi, mpaka wakawa wanaume, mpaka wakawa si watu. Nikaudaka mpini. Wakapanda tena. Ikaisha.

Nililia, ndiyo. Baba hakulia. Alikaa ametulia, uso umemfunguka, sijamwona hivyo tangu nirudi. Nikaona huu ndio wakati. Nikapangusa uso nikamwambia nitamfungashia koti lake na dawa, na santuri tutaiweka katikati ya nguo zangu isivunjike. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alitikisa kichwa polepole. Mimi nikasubiri aulize chai.

Akasema kwa Kibari, taratibu, kwa sababu anajua Kibari changu ni cha kuombea chumvi.

"Kiden, nionyeshe kushika huo mpini. Ukishaenda, nani atanizungushia?"

Sitaandika yote niliyomwambia. Nilimwambia amenidanganya. Akasema hakuniahidi kitu, na ni kweli, nimerudia ile Jumatatu kichwani mara ishirini na hakuahidi kitu, alitoa santuri tu. Mimi ndiye niliyejaza maneno. Nilimwambia nimetoa cherehani. Hakujua. Aliangalia pale mezani inapokaa siku zote, akaona patupu, na hapo ndipo alipolia. Akasema malesh, binti yangu, malesh. Kuomba msamaha, Baba ndiye aliyeanza, na hiyo ndiyo iliyonimaliza kabisa, kwa sababu hasira yangu ilikuwa ndiyo nguzo pekee niliyobaki nayo.

Nilimwuliza kwa nini hakusema toka mwanzo. Akasema kumsikia kulimtosha zamani, walipochukua gramafoni ndipo nyumba ilipokuwa kimya. Hofu yake haikuwa risasi. Alikuwa anaogopa nikiondoka atabaki na kimya kile tena. Sasa hana hofu, akasema, kwa hiyo niende nikiwa na amani kwa mtoto wangu. Eti na amani.

Saa mbili nzima nilikagua mota. Nilikagua gavana, grisi, manyoya, mpaka nikabana kitambaa. Baba sikumkagua hata kwa swali moja.

Ningeweza kuivunja. Niliwaza hilo, wacha niseme ukweli hapa kwa kuwa sina pengine pa kuusema. Springi ile ilikuwa inangoja mtu wa kuizungusha kinyume kwa nguvu, ingekatika, na labda angekosa sababu ya kubaki. Nilishika mpini nikiwaza hivyo, yeye amekaa mbele yangu na viatu vyake vya kanisani.

Poni alipiga saa kumi na moja. Akauliza tumefika wapi. Nikamwambia nafika Jumamosi. Alisikia ile na- badala ya tu-, mtoto wa shule huyo. Kisha akauliza babu je. Laini ikakatika, au mimi nilikata. Sijui.

Mkono wa kulia wa Baba hauwezi. Ulikuwa unatikisa sahani nzima, sindano inaruka. Nikahamishia kiti upande wa pili, akajaribu kwa wa kushoto. Nikaweka mkono wangu juu ya wake. Nusu mzunguko, pumzika. Ukisikia gub usiogope. Ikiwa nzito usilazimishe. Wakianza kuzama, ongeza. Mwiba mmoja, wimbo mmoja, halafu unautupa. Nimemchongea miiba mpaka vidole vimechubuka, nimejaza kopo lote la maziwa. Mara ya kwanza alichelewa kwaya ikazama. Mara ya pili alizungusha haraka mno. Mara ya tatu alifika mpaka mwisho, peke yake, mimi nimesimama mlangoni nimeshika mikono yangu nyuma nisimsaidie.

Nimemfundisha. Mungu anisamehe, nimemfundisha vizuri.